Barabara Aliyoikimbia Peke Yake

Wenzangu wa kikundi cha akina mama, mmeniuliza katika mikutano mitatu mfululizo Ugiriki kulikuwaje, na mara zote nimewajibu "kuzuri tu" kisha nikawauliza habari za mbolea. Nimeona heri niandike. Nikisimulia kwa mdomo nitaruka mambo ambayo sifai kuyaruka.

Najua wengi wenu mlidhani nimeenda kuona mahali Mtume Paulo alipohubiri. Sikuwakatalia kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi kuliko kueleza. Ukweli ni kwamba nilienda kutembea kwa miguu. Kuna barabara ya kilomita arobaini hivi kutoka mji mdogo unaoitwa Marathoni hadi uwanja wa marumaru katikati ya Athene, na mimi, mjane wa miaka sitini na nne mwenye goti bovu, nilitaka kuimaliza kwa siku moja.

Mambo yalianza baada ya kustaafu. Mwalimu mkuu wa shule niliyofundisha hapa Chekalini aliniomba nizungumze na watoto siku ya michezo, niwaeleze Olimpiki ilitoka wapi. Nikaenda maktaba ya Kakamega, nikakaa na kitabu asubuhi nzima. Nilisoma kwamba Michezo hii tunayoijua ilianzishwa upya Athene mwaka 1896. Wanaume wa nchi mbalimbali walikuja kukimbia, kuogelea, kupigana mieleka, kuinua vyuma na kushindana kwa baiskeli. Wanawake hawakuruhusiwa. Halafu, chini kabisa ya ukurasa, kulikuwa na mistari michache kuhusu mama mmoja maskini aliyekuwa akienda Athene kutafuta kazi, amembeba mtoto mgongoni. Alikuwa amezika mtoto mwingine. Akasikia kuna mbio ndefu za kutoka Marathoni, akaomba akimbie. Wakamkataza. Siku iliyofuata baada ya wanaume kukimbia, akakimbia njia ileile peke yake.

Nilifunga kitabu nikaenda nje kusimama, kwa sababu nilimkumbuka Everlyne.

Baadhi yenu mnamjua Everlyne wa Mautuma. Alikuwa mwanafunzi wangu nilipokuwa mwalimu wa michezo. Mita elfu tatu hakuna msichana aliyemkaribia katika wilaya nzima. Mwaka ambao tungempeleka mashindano ya mkoa, alikuwa amejifungua likizo ya Desemba iliyotangulia. Muhula wa pili alikuja uwanjani amevaa kaptura yake ya mbio, mtoto ameachiwa nyanya yake kwenye kivuli. Nilimwambia mbele ya wenzake, "Mama mzima hawezi kushindana na watoto. Rudi nyumbani ukanyonyeshe." Hakuna sheria iliyosema hivyo. Niliitunga papo hapo, na hakuna aliyeniuliza. Hakurudi shuleni tena.

Basi nilienda kwa sababu hiyo. Sijui nilidhani kutembea kungesaidia nini, lakini nilienda.

Eldoret hadi Istanbul

Jirani yangu alinifikisha Eldoret kwa pikapu yake, tukiwa na magunia ya viazi nyuma. Njiani aliniuliza nani ananisindikiza. Nikasema hakuna. Tulipokaribia uwanja wa ndege akasema, "Mwalimu, ungechukua hata mjukuu." Wajukuu wangu wako Nairobi, na wanafahamu jina langu kuliko sura yangu. Nilimwambia wana shule.

Nilibadilisha ndege Nairobi, na Istanbul tukakuta ukungu. Ndege zote zilisimamishwa, na mimi nikakaa kwenye kiti cha chuma kuanzia asubuhi hadi alasiri nikitazama ubao wa safari ukibadilika kwa maandishi mekundu. Kama saa tano hivi alikuja kuketi kando yangu mwanamume wa makamo mwenye suti kubwa kuliko mwili wake. Aliniona nikisoma Biblia yangu ya Kiswahili.

"Mama, unatoka kwetu?" akauliza, kwa Kiswahili cha Bujumbura.

Niliposikia lugha ile nilihisi kama mtu amenifunika blanketi. Alikuwa anaenda Kanada kumzika kaka yake. Hawakuwa wameonana kwa miaka kumi na miwili. Alikuwa na karanga za kukaanga kwenye karatasi, akanimiminia nusu mkononi. Tuliongea juu ya kahawa yao na mahindi yetu, juu ya wanawe. Akaniuliza naenda wapi, nikamwambia habari za yule mama na mtoto wake. Akasikiliza vizuri.

"Alishinda?" akauliza.

"Hakuwa na wa kushindana naye," nikasema.

Akatafuna karanga moja. "Basi alikuwa peke yake, kama mimi leo."

Nilienda msalani. Niliporudi kiti chake kilikuwa kitupu na ubao ulionyesha ndege yake inapandwa. Alikuwa ameacha karanga zilizobaki juu ya mkoba wangu, karatasi imekunjwa vizuri. Sikuwa nimemuuliza jina. Nilizila moja moja hadi nilipoitwa na mimi, na hadi leo nikiomba jioni ninamtaja tu kama yule ndugu wa karanga.

Athene

Hapa mtacheka, na mnayo ruhusa.

Asubuhi nilienda kituo cha mabasi kilicho kando ya bustani kubwa. Nilikuta nguzo kadhaa zimepangwa, kila moja na basi lake. Nikamwendea mzee mmoja mwenye sare, nikaonyesha nguzo ya kwanza kwa kidole, nikasema, "Marathoni?"

Akajibu, "Ne, ne."

Nikaelewa nne. Nikamshukuru, nikaenda nguzo ya nne, nikasimama. Basi likaja, likaondoka. Dereva nilipomuuliza "Marathoni?" aliinua kidevu na nyusi na kutoa mlio mdogo kwa ulimi, kama sisi tunavyofanya tukimwona mtu tunayemfahamu. Nikadhani ananisalimia. Nikainua kidevu na mimi. La pili likaja, likawa vilevile. Nikarudi kwa yule mzee, nikamwonyesha vidole vinne kuhakikisha. Akanitazama kwa huruma, akaonyesha tena nguzo ya kwanza. "Ne!"

Nikasema moyoni huyu mtu hajui kuhesabu.

Mama aliyekuwa akiuza mikate ya duara yenye ufuta ndiye aliyeniokoa. Alikuwa na Kiingereza kidogo. Aliniambia kwamba kwao "ne" ni ndiyo, na kuinua kidevu ni hapana. Kwa saa mbili nzima nilikuwa nimeambiwa ndiyo nikakataa, na nikaambiwa hapana nikaitikia kwa adabu. Alicheka mpaka akashika meza, kisha akanipa mkate wa bure. Nami nilicheka. Halafu nikageuka kumtafuta mtu wa kumwambia kwa lugha ambayo kichekesho chenyewe kinaeleweka, na hakukuwa na mtu. Marehemu mume wangu angekisimulia katika kila harusi.

Marathoni

Mji wenyewe mngeupita bila kugeuza kichwa. Una kanisa, duka la dawa, wazee wanaocheza karata, mashamba ya mboga yenye mabomba ya maji. Mahali mbio zinapoanzia pana uwanja mdogo na alama barabarani. Nilikuwa peke yangu pale, pamoja na paka.

Vitabu vinasema kwamba yule mama alipofika hapa waandishi wa habari walimzunguka wakamuuliza maswali, na wengine wakamfanyia mzaha. Asubuhi ya mbio, kasisi mzee aliyekuja kuwaombea wakimbiaji alikataa kumwombea yeye, kwa kuwa hakuwa katika orodha. Kesho yake yule mama aliwatafuta watu wa mji wamwandikie kwenye karatasi saa aliyoondoka, wakatia sahihi. Alijua kwamba bila hiyo karatasi hakuna atakayemsadiki.

Mimi nililala pale katika nyumba ya wageni, nikaondoka saa kumi na mbili asubuhi iliyofuata, kukiwa na baridi kama ya Julai kwetu. Nilijiombea mwenyewe kwa sauti, kwa Kilogooli, lugha ya mama yangu. Paka alinifuata hadi kwenye duka la dawa, akarudi.

Barabarani

Msifikirie njia ya mashambani. Ni barabara kuu, yenye malori, vituo vya petroli, maduka ya samani na vitalu vya miche ya mizeituni kwenye makopo. Kando yake kuna vibao vinavyohesabu kilomita za mbio, na kwa muda mrefu hivyo ndivyo vilivyokuwa wenzangu. Hakuna anayetembea kule. Kwetu ukitembea kilomita moja umesalimia watu thelathini. Nilitembea kilomita kumi bila kumwambia mtu habari ya asubuhi.

Kwenye kituo kimoja cha petroli niliingia kununua maji. Kijana wa kaunta aliuliza nimetoka wapi. Nilipomwambia Kenya, aliweka kitambaa chake chini.

"Kenya! Bingwa!" Akaja mbele ya kaunta kupiga picha nami. Nilijaribu kumweleza kwamba mimi ni mwalimu mstaafu na goti langu limefungwa bandeji. Akasema ndiyo, ndiyo, bingwa. Hiyo picha iko mahali fulani Ugiriki, mimi na kofia yangu ya kanisa, na watu wanaambiwa niliwahi kushinda kitu.

Saa sita goti lilikuwa limevimba. Nilikaa kwenye ukuta mfupi nikavua kiatu. Gari dogo jeupe likasimama, akateremka mwanamke wa miaka hamsini hivi, amevaa vizuri, uso umechoka. Alisema kwa Kiingereza cha taratibu kwamba anaitwa Eleni.

"Unatafuta kazi?" akauliza.

Sikuelewa mara moja. Akaeleza kwamba mama yake ni mzee, anaishi karibu hapo, na aliyekuwa akimtunza ameondoka wiki iliyopita. Wanawake wageni wanaotembea barabara hiyo, alisema, kwa kawaida wanatafuta kazi.

Ninakiri kwamba nilikasirika. Nimefundisha miaka thelathini na tano. Nina ekari saba na nyumba ya matofali. Kisha nikakumbuka kwamba yule mama wa kwanza naye aliipita njia hii akitafuta kazi, na kwamba hata alipofika, kwa mujibu wa vitabu, alisema alikimbia kwa matumaini kwamba mfalme angempatia mwanawe kazi siku za usoni. Hasira ikaniishia. Nikamwambia Eleni sitafuti kazi, ila ningeshukuru nikipata mahali pa kuweka mguu juu.

Akaona haya sana. Akanichukua.

Mama yake anaitwa Bi Katina. Ni kikongwe mdogo mwenye mikono mikubwa, aliyekuwa amekaa jikoni na koti amelivaa kama anayesubiri kuondoka. Eleni alimweleza mimi ni nani, lakini yule mzee alikuwa ameshaamua kwamba mimi ndiye mfanyakazi mpya. Alinikalisha, akanipakulia mwenyewe maharagwe meupe kwenye supu ya nyanya, na sahani ya majani ya porini yaliyochemshwa na kukamuliwa limau. Nilipoonja yale majani niliacha kula kidogo. Ulikuwa uchungu uleule wa mboga zetu za kienyeji, zile mama alizotupikia na maziwa. Nilitaka kumwambia mtu hivyo. Nikasema "nzuri" kwa Kiswahili, na Bi Katina akaongeza.

Baada ya kula alinishika mkono, akanipeleka uani, akaonyesha nguo kwenye kamba. Eleni akaanza kumkemea. Nikamwambia amwache. Nilianua shuka, nikamshikisha ncha mbili, nikashika mbili, tukakunja pamoja, tukikaribiana na kuachana kama ilivyo kazi ya kukunja shuka. Tulikunja sita. Alikuwa akiongea muda wote, nami nikimjibu kwa Kiswahili, na hakuna aliyemsubiri mwenzake kuelewa. Sikuwa nimekunja shuka na mtu tangu mume wangu afariki. Huwa naikunjia kitandani.

Nilipochukua mkoba, Bi Katina alishika kamba yake. Alishika tu, kwa nguvu ambayo sikuitarajia, na Eleni akamfungua kidole kimoja kimoja. Alinirudisha pale pale kwenye ukuta aliponitoa, maana nilimwomba hivyo, nisije nikadanganya kwa kilomita hata moja. Ilikuwa saa tisa kasoro.

Uwanjani

Mtu anapanda mlima mrefu, halafu ni mteremko hadi mjini, na mteremko ndio ulioniua. Nilishuka nikishika kuta za watu. Jiji likaniingia kidogo kidogo, pikipiki, taa za barabarani, watu wenye mbwa. Niliufikia uwanja saa moja na nusu jioni, jua likiwa bado halijazama sawasawa.

Ulikuwa umefungwa saa moja.

Ni uwanja ulio wazi upande wa mbele, umezungushiwa uzio tu, kwa hiyo mtu akisimama barabarani anauona wote, mweupe kabisa, viti vya marumaru vikipanda juu pande zote. Mlinzi alikuwa akifunga kibanda. Nilimwambia nimetembea kutoka Marathoni. Akanitazama viatu.

"Leo?"

"Leo."

"Kwa nini?" Hakuuliza kwa ubaya.

Nilijaribu. Nikamwambia kulikuwa na mama aliyekimbia peke yake, wakati wa Michezo ya kwanza. Akasema hajawahi kumsikia. Amefanya kazi pale miaka tisa. Aliniambia nirudi kesho saa mbili asubuhi. Kesho saa mbili asubuhi ndege yangu ingekuwa angani. Akafungua mikono kuonyesha hana la kufanya, akaniletea kiti chake cha plastiki nje ya uzio, akaniachia, akaenda kwake.

Yule mama naye hakuuingia. Alifika Athene baada ya saa tano na nusu hivi, akawasimamisha maofisa wa jeshi aliowakuta njiani wamwandikie saa aliyofika. Baada ya hapo hakuna anayejua alienda wapi. Yeye na mtoto wake wanaishia hapo kwenye karatasi.

Nilikaa kwenye kile kiti nikisubiri kuhisi kitu. Nilikuwa nimetoka Chekalini kwa ajili ya dakika hiyo. Nilihisi goti, na kiu, na nikaona kwamba katika simu yangu hapakuwa na mtu mmoja ambaye angefurahi kuambiwa nimefika, kwa kuwa sikuwa nimemwambia yeyote kwamba nakwenda kuitembea barabara ile. Watu walipita wakijipiga picha. Mmoja aliniomba nisogee kidogo, naharibu picha. Nikasogea. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ningeweza kutembea barabara zote za Ugiriki na Everlyne asijue. Alikuwa mwendo wa saa moja kutoka kwangu miaka yote hii.

Mautuma

Nilipumzika nyumbani siku nne, goti likashuka. Siku ya tano nikaenda.

Everlyne ana kinu cha posho karibu na soko. Nilimkuta ndani, amefunga kitambaa kichwani, mashine ikinguruma, na wateja kama saba nje na mahindi yao. Aliponiona alizima. Wateja wakanung'unika.

"Mwalimu," akasema. "Kuna mtu amekufa?"

"Hapana."

Tukaenda nyuma ya kinu. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, bila kupumzika: maktaba, yule mama, ile kaptura yake, sheria niliyoitunga, barabara, uwanja uliofungwa. Nikamwambia nilimkosea, na kwamba namwomba msamaha. Alisikiliza akijipangusa unga mikononi. Nilipomaliza alikuwa na sura ya mtu anayetafuta kitu alichokiweka zamani.

"Mwalimu, umeenda mpaka huko kwa sababu ya hizo mbio?"

"Ndiyo."

"Mbio nilishaacha kuzifikiria. Siku hiyo hata maziwa yalikuwa yananiuma, singemaliza. Mimi kile kiliniumiza ni salamu."

"Salamu gani?"

"Tulikuwanga tunakutana Jumapili, njia ya kanisa. Mimi na mtoto, wewe na Mzee wako. Mzee alikuwanga anasalimia. Wewe ulikuwa unaangalia ng'ambo, kama hunioni. Nilikuwa najiambia leo ataniona. Mwaka mzima, Mwalimu. Halafu nikaanza kupitia njia ya mtoni."

Nimejaribu tangu siku hiyo kukumbuka. Naikumbuka njia. Nakumbuka nguo nilizovaa miaka ile. Yeye simwoni popote. Nilitembea kilomita arobaini nikitubia neno moja nililolisema mara moja, na lile nililolifanya kila Jumapili sikuwa nalo hata kwenye kumbukumbu.

Nilimwambia hivyo. Kwamba sikumbuki, na kwamba najua hilo ni baya zaidi.

"Ni baya zaidi," akakubali. Hakulainisha. Mteja mmoja akaita kutoka mbele. "Ngoja nisagie hawa watu," akasema. "Usiende."

Nikakaa juu ya gunia lililojaa magunzi. Aliwasagia wote saba. Ilichukua saa nzima, labda na zaidi, na kwa muda wote huo nilisikia akicheka na wateja, akimwuliza huyu habari za mgonjwa, yule habari za mvua. Mwishowe mashine ilinyamaza, akatoka kwa mlango wa nyuma, mweupe wa unga hadi kwenye kope.

Nilisimama kabla hajanifikia. Goti liliuma.

"Mulembe, Everlyne," nikamsalimia kwa lugha ya kwetu.

Alisimama. Kisha akajibu, "Mulembe, Mwalimu."

"Umeamkaje?"

"Nimeamka vizuri."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na yule mtoto?"

"Ako Kitale. Ni nesi. Ana wawili."

"Anaitwa nani?" nikauliza, kwa maana sikuwahi kuuliza.

"Phanice," akasema Everlyne, na akavuta gunia jingine akalileta karibu na langu, akakaa.